Chumba cha Bi Kimya: Bega la Kushoto

"Ndiye huyu!"

Kidole cha yule mama mshona nguo hakikutetemeka hata kidogo. Kilinyooka kama sindano, kikamlenga Bi Kimya katikati ya kifua.

Hapo ndipo nilipokata juma lililopita, na najua wapo walionilaani mpaka wakamaliza maneno. Haya, laana zenu nimezipokea. Tuendelee.

Kwa aliyedandia hadithi leo: Bi Kimya ni msuluhishi wa chuo. Chumba chake kiko ghorofa ya chini, nyuma ya maktaba, na mlango wake hauna kibao. Mwalimu aliyekosana na mwanafunzi, mwanafunzi aliyekosana na mwenzake wa chumba, wote huketi kwenye ile meza ya duara. Linalosemwa humo hubaki humo. Hata karatasi alizoandika yeye mwenyewe huzichana mbele yao kabla hawajatoka. Sheria hiyo inalegea mahali pamoja tu: uhai wa mtu ukiwa hatarini. Kwa miaka sita hajawahi kuilegeza.

Jumatatu, mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, ambaye wenzake humwita Kipimo kwa sababu hakuna asichokipima, alimnong'oneza siri. Lile daftari la maabara analogombania na Profesa wake amelificha kwa shangazi yake. "Nimemwambia asimpe mtu yeyote, mama, isipokuwa wewe."

Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke aliyejiita Bi Kimya alibisha hodi kwa shangazi huyo. Akapewa daftari. Akaaga. Akaondoka nalo.

Na leo, Alhamisi, Kipimo alikuwa amemleta shangazi yake, yule mshona nguo, amtazame mwizi.

"Shangazi, una hakika?" Sauti ya Kipimo ilitoka nyembamba kama uzi.

"Nimevaa miwani, sijapofuka. Mtandio huo huo wa kijivu. Uso huo huo. Nilimpa kiti, nikampa maji ya kunywa, akanishukuru kwa adabu zake zote. Daftari nikamkabidhi kwa mikono yangu hii miwili!"

Kipimo akamgeukia Bi Kimya. "Nilikuambia wewe peke yako. Sikumwambia mwingine chini ya jua. Umempa Profesa, siyo?"

"Jumanne sikutoka chumbani humu, mwanangu."

"Saa nne?"

"Nilikuwa kwenye kiti hiki."

"Na nani?"

Bi Kimya akafungua mdomo. Akaufunga.

Hebu mtazame alivyobanwa! Saa nne ya Jumanne alikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza aliyelia mpaka saa sita. Shahidi yupo, mzima wa afya, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jina moja tu, na Bi Kimya angetakata kama shuka jipya. Lakini jina hilo lilikuwa mali ya chumba.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Hawezi kusema!" Shangazi akapiga makofi mara moja. "Mwizi naye ana siri za watu!"

Kipimo alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Naenda kwa Mkuu wa Chuo. Nitamwambia chumba hiki ni mtego. Watu wanaletwa humu wafunguke, halafu wanaliwa."

"Nenda, ni haki yako. Sitakuzuia." Bi Kimya alisimama. "Ila nina ombi moja kwa shangazi yako. Dada, niangalie tena. Achana na mtandio. Wanawake wa umri wangu wenye mtandio wa kijivu hawahesabiki. Niangalie kama mteja aliyekuja kushonewa."

Shangazi alisita. Mtu wa miaka ishirini na minane kwenye cherehani, ukimwambia neno "mteja", mikono inaanza kazi kabla ya kichwa. Akaivuta futi yake ya kupimia shingoni.

"Geuka."

Bi Kimya akageuka.

"Tembea mpaka mlangoni. Rudi. Shusha mikono."

Futi ikapita mgongoni, kutoka bega hadi bega.

"Hee," alisema Shangazi.

"Nini?" Kipimo aliuliza.

"Siye."

"Shangazi! Sasa hivi umesema ndiye!"

"Sura nitakosea, wateja ni wengi. Umbo sikosei. Yule wa Jumanne bega la kushoto limeanguka, hivi, vidole viwili kamili. Alipoingia tu nikasema moyoni, huyu ukimshonea gauni usipomwekea pedi upande mmoja litamning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Huyu bibie mabega yake yamenyooka kama rula. Siye. Wanafanana kama pacha, lakini siye."

Kipimo akakaa. Mkoba ulimtoka begani, ukaangukia mapajani mwake.

"Kwa hiyo kuna mwanamke anayefanana na wewe," alisema polepole. "Mwenye bega lililoanguka. Unamjua, mama?"

"Hapana," alisema Bi Kimya.

Alikuwa hajawahi kusema uongo ndani ya chumba kile. Huo ulikuwa wa kwanza, na ulimtoka kwa ulaini uliomtisha mwenyewe.

Alilijua bega lile kuliko alivyoujua mkono wake. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, amebebwa mgongoni na dada yake wa miaka kumi na mmoja. Ngazi zilikuwa zimelowa. Dada akateleza. Angeanguka chali, mtoto angekuwa wa kwanza kufika chini. Lakini yule msichana alijipinda hewani, akaipokea saruji kwa bega lake mwenyewe. Mfupa ukavunjika, ukaunga vibaya. Mtoto hata hakuamka usingizini. Hadithi hiyo Bi Kimya alisimuliwa na mama yao kila mwaka, mpaka mama alipofariki.

Na dada huyo yuko wapi leo? Jengo hilo hilo. Ghorofa ya pili. Ndiye Msajili wa Chuo. Wanafunzi wanaijua saini yake tu, uso hawajawahi kuuona. Alipompa mdogo wake kazi alimpa na sharti: "Usiseme kwamba tumezaliwa pamoja. Watasema nimejaza ukoo ofisini." Na Bi Kimya, kama lilivyo jina lake, hakusema.

Lakini dada alijuaje? Jumatatu walikuwa wawili tu chumbani. Mlango ulifungwa. Dirisha lilifungwa.

Jibu lilikuja kwa bahati mbaya ya futi. Shangazi alikuwa akiikunja, ikamponyoka, ikaviringika chini ya meza. Akainama kuiokota. Hakuinuka.

"Bibie," sauti yake ilitoka chini. "Huku mnatibu meza?"

"Unasemaje?"

"Meza yenu ina kidonda. Imefungwa plasta."

Wote watatu wakapiga magoti. Chini ya ukingo wa meza, upande anaokaa Bi Kimya, kulikuwa na kitufe chekundu. Na juu ya kitufe kulikuwa na plasta, ile ya kufungia kidole kilichokatwa, imebandikwa kwa kukaza mpaka kitufe kikadidimia ndani.

Bi Kimya akaigusa plasta kwa ncha ya kidole.

Kitufe kile kiliwekwa miezi miwili iliyopita, baada ya mwanafunzi mmoja kurusha kiti ukutani. Fundi alimweleza: ukiona hatari, bonyeza; kipaza sauti kitafunguka na walinzi watasikia kila kinachoendelea humu. Hakuwahi kukibonyeza. Hakuwahi hata kukikumbuka.

Mtu mwingine alikibonyeza kwa niaba yake, akakifunga plasta kisiachie.

"Kwa hiyo hata sasa hivi..." Shangazi alianza.

Bi Kimya akaweka kidole mdomoni. Akaibandua plasta taratibu, kama anayembandua mtoto. Kitufe kikaruka. *Tak.*

Shangazi akashusha pumzi. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, ila mdudu kama huyu sijamwona."

Bi Kimya alichukua simu yake, akampigia mkuu wa walinzi.

"Mzee, kile kifaa cha dharura cha chumbani kwangu, mnakisikia huko?"

"Kifaa gani, mama?" Alikuwa anatafuna kitu. "Huku hatujaletewa kifaa. Fundi alipita akasema mpango umebadilika, waya zimepelekwa juu."

"Juu wapi?"

"Kwa Msajili."

Akakata simu. Hakuhitaji kuuliza la pili.

"Ni nani?" Kipimo alikuwa amesimama tena. "Mama, nimekuona uso. Ni nani?"

"Kwanza nijibu wewe." Bi Kimya alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana. "Jumatatu uliniambia ni kazi yako ambayo Profesa ameiandikia jina lake. Mtu hajifanyi mimi, akaenda mpaka kwa shangazi yako mchana kweupe, kwa sababu ya jina juu ya karatasi. Daftari lina nini?"

Kipimo alimtazama shangazi yake. Kisha akaitazama sakafu.

"Maji," alisema.

"Maji gani?"

"Ya bweni jipya la wasichana. Nilipima bomba kwa bomba, wiki nane. Yana risasi. Siyo ya bunduki, mama, ile metali. Inatoka kwenye mabomba yenyewe. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiichemsha haitoki. Inaingia kwenye mifupa, inakaa humo kama mpangaji asiyehama. Nilimpelekea Profesa namba zangu. Taarifa ilipotoka, ilikuwa na jina lake na namba nyingine. Namba safi. Sampuli zangu zote nikakuta zimemwagwa. Likabaki daftari."

"Wapo wangapi bwenini?"

"Mia sita na arobaini."

"Na wewe unaishi wapi?"

"Huko huko." Machozi yalianza kumlengalenga. "Mimi nateka maji maktaba. Mwenzangu wa chumba nilimdanganya, nikamwambia bomba letu lina kutu, akawa anateka na mimi. Wengine... wengine sikuwaambia. Bila daftari wangeniita mzushi. Nilisema ngoja kikao chetu cha Ijumaa, Profesa akubali mbele yako, ndiyo niseme."

Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, futi mkononi. "Mwanangu. Wiki ngapi umekaa na jambo hili?"

"Tano."

Hakuna aliyemkemea. Ingekuwa afadhali wangemkemea.

Bi Kimya akainuka, akajitengeneza mtandio. "Nisubirini hapa. Mlango ufungeni kwa ndani."

Ngazi za ghorofa ya pili alizipanda bila kupumzika, na alipofika hakubisha.

Msajili alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyojaa mihuri. Kando ya mihuri kulikuwa na kisanduku cheusi chenye spika, si kikubwa kuliko kitabu cha dini. Mbele yake, juu ya karatasi safi, lilikuwepo daftari la jalada la kijani. Na mabegani alikuwa na mtandio wa kijivu.

"Funga mlango," alisema. "Nilikuwa nawasikiliza mpaka ulipobandua plasta. Yule mama wa futi ana jicho!"

"Umeingia chumbani kwangu, Dada."

"Nina funguo za vyumba vyote."

"Ukavaa mtandio wangu."

"Huu ni wangu. Mama alitupa sare, umesahau?"

Bi Kimya hakuketi. "Nipe daftari."

Msajili akaweka kiganja juu ya jalada. Alipofanya hivyo bega lake la kushoto lilishuka zaidi, kama kawaida yake akichoka. Na alikuwa amechoka. Chini ya macho yake palikuwa na weusi wa siku nyingi.

"Sijalichoma. Ningekuwa mtu mbaya ningekuwa nimelichoma Jumanne ile ile. Kaa, mdogo wangu, nikueleze."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Mabomba yalipofika, karatasi ya ukaguzi ililetwa kwangu nitie saini. Wasichana walikuwa wanalala watatu kitanda kimoja, wazazi wanapiga simu kila siku. Nikatia saini. Mabomba sikuyafungua, sikuyaona. Saini moja! Umewahi kuhesabu saini ngapi natia kwa siku?"

"Na Profesa alipokuletea namba za yule binti?"

"Nilimwambia apime upya."

"Apime upya, au aandike upya?"

Msajili aliisogeza mihuri pembeni. Alipangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye meza.

"Likizo ikifika," alisema baadaye, "mabomba yote yanang'olewa. Kimya kimya. Nimeshapanga. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia."

"Likizo ni wiki tisa."

"Wamekunywa mwaka mzima. Wiki tisa ni nini?"

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeahirisha mkutano. Na Bi Kimya, aliyewahi kusikia kila aina ya neno katika chumba chake, alishika mgongo wa kiti.

"Nitawaambia," alisema.

"Hutawaambia. Neno la chumba halitoki."

"Lina mahali pamoja linapotokea. Uhai ukiwa hatarini."

"Utavunja chumba chako kwa mkono wako mwenyewe? Na mimi je? Damu nzito kuliko maji."

"Inategemea maji yana nini, Dada."

Uso wa Msajili ukabadilika. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu anayefunga dirisha moja baada ya jingine, nyumba nzima, mpaka huoni tena kilichomo ndani.

Akakigusa kile kisanduku cheusi kwa ukucha.

"Hiki kinasikiliza. Vilevile kinarekodi. Miezi miwili. Vikao thelathini na kimoja. Ninaye yule mhadhiri aliyekuomba radhi huku analia. Ninao wale wawili waliotaka kuuana kwa sababu ya mchumba. Ninaye yule mtoto wa Jumanne. Lile alilokueleza, Kitinda, hata mimi lilinikosesha chakula." Jina hilo la utotoni, la kitinda mimba, hakuna mwingine chuoni aliyemwita nalo. "Ukifungua mdomo wako, na mimi nafungua wangu. Wewe utasema moja. Mimi nitasema thelathini na moja."

Bi Kimya alikitazama kile kisanduku.

Hilo hakulitarajia. Kufukuzwa kazi alikuwa amelikubali tangu ngazini. Kuitwa msaliti wa ukoo, nalo pia. Lakini watu wale! Waliingia kwake mmoja mmoja, wakaangalia mlango kama umefungwa, ndipo wakasema. Yule mtoto wa Jumanne alimuuliza mara tatu, "Mama, kweli hakuna atakayesikia?" Na mara zote tatu yeye alijibu, "Hakuna."

Aibu upande huu. Mifupa ya wasichana upande ule. Na mizani yenyewe ameishika yeye.

Akakwenda mlangoni.

"Kitinda!" Sauti ya Msajili ilikwaruza. "Nilivunjika mfupa kwa ajili yako."

"Najua, Dada. Nimekushukuru kila siku ya maisha yangu. Na leo nakushukuru."

Akatoka mikono mitupu. Daftari likabaki chini ya kiganja cha dada yake.

Chini, Kipimo alimfungulia mlango. Bi Kimya hakumficha tena. Akamwambia ni nani, na kwamba daftari halitapatikana leo, pengine halitapatikana kabisa.

"Neno la maji ni lako," akamalizia. "Ulinipa mimi. Naomba ruhusa nilitoe."

"Nikikataa?"

"Nitalitoa hata hivyo. Lakini sikutaka ulisikie kwa watu."

Kipimo alijifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Hatuna ushahidi, mama. Watatucheka."

"Wacheke. Anayecheka hanywi."

Shangazi akajifunga kitambaa kiunoni. "Mimi sijui kupima maji. Lakini kelele najua. Twendeni."

Ilikuwa saa sita na nusu, vipindi vya asubuhi vimekwisha. Uani kwa bweni jipya palikuwa kama sokoni. Foleni tatu kwenye mabomba matatu, ndoo, madumu, chupa. Wengine wanafua, wengine wanasuuza vyombo, mmoja anakunywa moja kwa moja kutoka bombani kwa kukinga kiganja.

Mwisho wa foleni ya katikati, akiwa na ndoo ya bluu, alisimama yule msichana wa mwaka wa kwanza. Mtoto wa Jumanne. Macho yao yakakutana, yakaachana. Nje ya chumba Bi Kimya hamwanzi mtu salamu. Akatamani leo avunje na hilo pia, amvute pembeni, amwambie kimbia, jifiche, zima simu. Lakini amkimbize wapi? Na wakati huo mabomba yanamwaga maji.

Akapanda juu ya karo ya kufulia.

"Wanangu!"

Hakuna aliyegeuka. Kusema kweli hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake ikipanda. Hata yeye ilimshangaza, ilivyokwaruza.

"WANANGU! Fungeni bomba!"

Vichwa vikageuka. "Huyu si Bi Kimya?" "Leo kapata sauti!" Kicheko kikapita kwenye foleni.

"Maji haya msinywe. Msipikie. Yana sumu. Imo ndani ya mabomba tangu siku mlipohamia, na wapo wanaojua."

"Sasa tupige mswaki kwa mate, mama?" mmoja alidakia. Wakaangua kicheko tena.

Kipimo akapanda karo, akasimama kando yake. Akaanza kutaja namba. Bomba la kwanza, kiasi gani. Bomba la pili. Bomba la jikoni. Alizitaja zote kwa kichwa, wiki ya kwanza mpaka ya nane, bila daftari, bila kukosea. Ndipo Bi Kimya alipogundua kwamba binti yule alikuwa amezikariri kama wengine wanavyokariri sala.

Kicheko kilikufa taratibu. Yule aliyekuwa akikinga kiganja akakikung'uta, akakifuta kwenye sketi, akakifuta tena. Msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na aliyekuwa mjamzito je?" Mwingine akafunga bomba. Kisha la pili. Shangazi mwenyewe akalikaza la tatu mpaka likalia.

Ua mzima ukanyamaza. Matone tu ndiyo yaliyosikika.

Bi Kimya alishusha pumzi. Kwa muda mfupi sana, alifikiri dada yake ameshindwa na moyo. Alifikiri lile bega limemwokoa mara ya pili.

Simu moja ikalia kwa ujumbe. Mwenye simu akaitazama, akakunja uso. "Namba siijui."

Ya pili ikalia. Ya tano. Kisha mifuko, mikoba na madirisha ya ghorofa zote yakaanza kulia kwa pamoja, kama panzi wakiamshwa kwenye majani makavu.

"Ni sauti," mmoja alisema. "Mtu katuma sauti."

"Usiifungue!" Bi Kimya alipiga kelele. "Mwanangu, nakuomba, usii..."

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Kutoka kwenye simu ile ndogo kilitoka kilio. Kilio cha msichana, kirefu, cha mtu aliyeamini kwamba mlango umefungwa. Kisha maneno, yamekatikakatika, yakiruka ua wote kwa sababu sasa simu kumi zilikuwa zikiyasema, sasa ishirini:

"Hata mama yangu sijamwambia... yule kichanga waliyemwokota getini, mwezi wa pili, ni wangu..."

Mwisho wa foleni ya katikati, ndoo ya bluu ilianguka. Ikaviringika mpaka kwenye miguu ya watu, na watu wote wakageuka kuangalia ilikotoka.